Ukumbi wa Diamond Jubilee na Wasikilizaji wa Ufipa

Ukumbi wa Diamond Jubilee, uliojengwa Upanga katika mji wa Dar es Salaam, ulipata kujulikana Ufipa kwa njia isiyo ya kawaida. Nyumba kwa desturi hujulikana kwa sura yake: kimo cha kuta, rangi ya milango, umbo la paa. Huu ulijulikana kwa sauti. Mkulima wa Ufipa ambaye hakupata kufika pwani hata mara moja, wala hakujua kama mlango wake umeelekea mashariki au magharibi, aliweza kuutambua kwa makofi ya watu waliokuwamo, kwa vicheko vyao, na kwa namna maneno ya msemaji yalivyogonga ukuta yakarudi. Redio ilimletea ukumbi bila ya kumletea kiti.

Kwa sababu hiyo historia ya nyumba hii ya michezo, muziki na mikutano haiwezi kuandikwa kwa kuwatazama wale tu walioketi ndani yake. Wako walioingia kwa haki ya jamaa zao. Wako walioingia kwa tikiti. Wako waliongoja miaka mingi hata mlango ukafunguliwa kwao. Na wako wale wa mbali, waliokuwa wengi kuliko wote, ambao ukumbi uliwafikia wakiwa wamekaa nje, gizani, na blanketi mabegani. Wafipa ni mfano wa hao wa mwisho, na sababu si umbali peke yake. Walikuwa na desturi yao ya kukutana, ya zamani sana, na desturi hiyo haikuhitaji paa.

Nchi yao ni uwanda ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu na milima ya Mbizi, katika kimo cha mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili. Jina la mji wenyeji hulieleza kuwa ni amri apewayo mgeni, kwamba atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Reli haikupata kufika huko. Tawi la reli ya kati liliishia Mpanda yapata mwaka 1950, kwa ajili ya madini ya risasi. Na reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, ilipita Tunduma ikaenda zake Zambia. Milango ya Ufipa ilikuwa miwili: meli ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani kwa jina la Graf von Götzen, ambayo ilitia nanga Kasanga na Kipili, na barabara ya vumbi ya kutoka Tunduma, yenye kilomita zaidi ya 200. Bendi iliyotaka kupiga Sumbawanga ilipakia vyombo vyake juu ya lori na kuomba mvua isinyeshe.

Juu ya uwanda huo watu walikaa katika vijiji vya nyumba zilizokaribiana, tofauti na nchi nyingi za jirani ambako nyumba zilitawanyika mashambani. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880, aliwasifu kwa kilimo chao na kwa nguo za pamba walizofuma wenyewe. Roy Willis, mwanazuoni wa Kiingereza aliyefanya utafiti Ufipa tangu 1962 hadi 1964, aliona jambo jingine lililomvutia zaidi, nalo ni thamani waliyoyapa mazungumzo. Mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mtu mwema alikuwa mtu wa kuzungumza na wenziwe; mtu wa kujitenga alitiliwa shaka. Ni rahisi kuona kwamba watu wa namna hiyo wangehitaji mahali pa kukutania, na mahali penyewe palikuwapo: uwanja katikati ya nyumba, kivuli cha mti, kibaraza cha mwenye pombe siku hiyo.

Hata simulizi yao kubwa juu ya asili ya utawala ni simulizi ya kiti. Husimuliwa kwamba mfalme wa Milansi, mji wa kale wa Ufipa, alikuwa amekwenda kuwinda walipofika wanawake watatu wageni. Mke wa mfalme, kwa hofu au kwa ukarimu, aliwaachia wakae juu ya kigoda cha mumewe. Na mfalme aliporudi akakuta utawala umekwisha kuhama. Kizazi cha wanawake hao ndicho kilichotawala Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabakiwa na heshima ya ibada na ardhi ndogo kandokando ya mlima Itwelele. Simulizi za namna hii zina maana zaidi ya moja, na Willis mwenyewe alizipekua kwa marefu. Kwa historia ya kumbi, hata hivyo, maana moja yatosha: aliyekaa mahali pa kukaa ndiye mwenye nchi, na ruhusa ya kukaa haitolewi ovyo.

Ngoma nayo ilikuwa na umbo lake. Nsimba, ngoma ambayo Wafipa hujulikana kwayo hata leo, huchezwa kwa vyombo vya nyumbani, mtungi na kigoda, na wachezaji hufanya duara. Katika duara hakuna mbele wala nyuma. Anayetazama saa hii aweza kuingia kati saa ijayo, na anayecheza akichoka hurudi pembeni akawa mtazamaji. Ukumbi wa kisasa haukujengwa hivyo. Una jukwaa na safu za viti. Una anayesema na wanaosikiliza, anayepiga ngumi na wanaolipa kumtazama. Tofauti hii ndogo ya umbo ilikuja kuwa kubwa, maana paa lilipofika kwa watu wa bara lilifika pamoja na safu zake.

Vijana wa Ufipa waliziona safu hizo kwanza ugenini. Walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika mashamba ya mkonge, na ng'ambo ya mpaka katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko migodini makampuni yalijenga kumbi za starehe kwa wafanyakazi wao, na jambo hilo halikutokana na huruma peke yake: mtu anayecheza dansi Jumamosi jioni chini ya jicho la msimamizi hatazamiwi kufanya mkutano wa mgomo. Wengine walichukuliwa jeshini. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Serikali ya Tanganyika iliingiwa na wasiwasi juu ya askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko wakiwa wamezoea mengi, ikaanzisha idara ya ustawi wa jamii na kujenga vituo vya starehe katika miji kadha wa kadha. Kituo cha namna hiyo kilikuwa na chumba cha kusomea magazeti, meza ya mchezo, redio, na sakafu ya kuchezea dansi. Aghalabu walioingia hawakuwa wale askari waliokusudiwa, bali makarani na walimu, watu wenye viatu na tai, ambao walizigeuza nyumba hizo kuwa zao.

Dar es Salaam ndiyo iliyoonyesha wazi kuliko mji mwingine jinsi ukumbi ulivyofuata rangi ya mtu. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya mafungu hayo mawili ya mwisho pakaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Kila fungu lilikuwa na mahali pake pa kukutania. Waafrika walikuwa na nyumba ya chama chao, African Association, katika mtaa wa New Street, nyumba ndogo iliyojengwa kwa michango na nguvu za wanachama, na ambayo ndani yake TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mapema katika miaka hiyo hiyo ya 1950 palijengwa Mnazi Mmoja kituo kikubwa zaidi kwa fedha za George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Watu wa mjini hawakusumbuka na jina hilo gumu. Waliliita Anatoglo, na Anatoglo limebaki. Humo palikuwa na masomo ya watu wazima, dansi, na mikutano ya vyama. Ukumbi huo ulitolewa na Mgiriki, ukasimamiwa na afisa wa Kiingereza, ukachezewa na Waafrika. Na haukuchukua muda kabla wachezaji kuanza kuzungumza habari za kujitawala katika mapumziko ya dansi.

Diamond Jubilee ilikuwa na asili nyingine kabisa. Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, alitimiza miaka 60 tangu kurithi uimamu wa Waismailia akiwa mtoto. Kwa sababu ya vita sherehe ziliahirishwa; akapimwa uzito kwa almasi huko Bombay tarehe 10 Machi 1946, na mara ya pili Dar es Salaam tarehe 10 Agosti mwaka huo huo. Almasi zenyewe hazikuwa zake wala hakuondoka nazo. Wafuasi walichanga fedha za thamani ya uzito huo, naye akazirudisha kwao ziwe mtaji wa maendeleo: shirika la kukopesha la Diamond Jubilee Investment Trust lilitokana na jubilei hiyo, na kwa mikopo ya namna hiyo familia nyingi zilijijengea nyumba. Upanga, iliyokuwa pembezoni mwa mji, ikageuka mtaa wa Waismailia, wenye shule, hospitali, viwanja vya michezo, na ukumbi uliobeba jina la jubilei. Ilikuwa katika Upanga hiyo hiyo kwamba mjukuu wake na mrithi wake, Karim Aga Khan, alitawazwa tarehe 19 Oktoba 1957.

Haifai kuusema ukumbi huo kwa kejeli, kana kwamba uzuri wake ni kosa. Jamii iliyojengwa juu ya michango ilijijengea mahali pa kuchezea, kuozesha na kushangilia, na ilikuwa na haki hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba katika mji uliogawanywa kwa rangi, nyumba nzuri ya jamii moja ilikuwa ukuta kwa jamii nyingine. Mwafrika wa Kariakoo aliweza kuijua sakafu ya Upanga kwa kuipiga deki.

Baada ya Uhuru milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine na si yote kwa siku moja. Karimjee, ukumbi uliotolewa na jamaa wa Karimjee Jivanjee na uliotumiwa na Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya mwisho ya ukoloni, ukawa nyumba ya Bunge. Jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba, ndio ule New Street wa zamani, likapokea wanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu Oktoba 1961, maana nchi ilikuwa na chama kabla ya kuwa na majengo ya elimu ya juu. Anatoglo ikapita mikononi mwa wenye mji, na baadaye madiwani wa Ilala wakafanya humo vikao vyao. Na Diamond Jubilee, ukiwa mpana kuliko kumbi nyingi za mji, ukawa mahali ambapo Taifa lilifanyia mambo yake makubwa yaliyohitaji paa. Jioni moja palikuwa na masumbwi; jioni ya pili taarabu au bendi mbili za dansi zikishindana; asubuhi ya tatu viti vikapangwa upya kwa mkutano wa Chama. Sakafu ilikuwa ile ile. Mfagiaji wake, yamkini, aliijua historia ya nchi kuliko waandishi wengi.

Lakini pasingekuwa na redio, haya yote yangebaki habari za mji mmoja. Utangazaji wa Tanganyika ulianza Julai 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, ambacho nguvu zake hazikuvuka sana mipaka ya mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalichukua likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Ufipa iliwahi kusikia sauti za jirani kabla ya kuisikia vizuri sauti ya kwao: huko Rhodesia ya Kaskazini iliuzwa tangu 1949 redio ndogo ya betri yenye umbo la sufuria, iliyotengenezwa makusudi kwa Waafrika wasio na umeme, na mawimbi ya Lusaka hayakuulizwa pasi mpakani. Dar es Salaam ilipopata mitambo yenye nguvu, muziki wa bendi za pwani na za reli ukapanda hadi uwandani. Kijana wa Ufipa akajua dansi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora pasipo kuona tarumbeta hata moja.

Betri zilikuwa ghali, na redio haikuwa ya kila nyumba. Mwenye nayo aliiweka kibarazani, na watu wakaizunguka. Hapa ndipo umbo la kale liliporudi kwa mlango wa nyuma. Ukumbi wa Upanga ulikuwa wa safu. Ulipofika Ufipa ukawa duara. Mwaka 1973 Serikali ilitumia jambo hili kwa kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao 2,000,000 nchini kote walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio juu ya maji, vyoo na malaria, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Wataalamu wa elimu ya watu wazima wameisifu sana kampeni hiyo kama jambo jipya. Kwa Wafipa upya wake ulikuwa katika kile chombo kilichowekwa katikati. Kukaa, kusikiliza, kisha kusemezana mpaka neno liive, hayo hawakufundishwa na redio.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya kaskazini ya mto Kagera, naye akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere aliwakutanisha wazee wa Dar es Salaam katika Diamond Jubilee. Uchaguzi wa wasikilizaji haukuwa wa bahati. Wazee hao ndio waliomlea katika siasa miaka ya 1950, na tangu hapo ilikuwa desturi yake kuwapelekea neno zito kabla ya kulisema penginepo, au angalau kulisema penginepo kupitia kwao. Hakupiga kelele. Alieleza kwa utaratibu kama mwalimu yaliyotokea, kisha akasema kwamba kazi iliyobaki ni kupigana, na kwamba sababu, nia na uwezo vyote vipo. Makofi yaliyofuata ndiyo yaliyoifanya hotuba ile isisahaulike. Na makofi hayo yalikuwa na mwangwi wa paa. Yangetolewa Mnazi Mmoja, uwanjani, upepo ungeyachukua.

Ni vigumu kueleza kwa mtu aliyezaliwa zama za picha za televisheni jinsi mwangwi ule ulivyofanya kazi. Msikilizaji wa Sumbawanga, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Upanga, hakuona uso wa msemaji. Alisikia watu wengine wakikubali. Alisikia kwamba wamo ndani ya nyumba moja, wamekaribiana, wakubwa kwa umri na hawana haraka. Akawekwa nafasi yake kati yao. Nchi ikaingia vitani. Wanamgambo wa mikoa yote, Rukwa ikiwamo, wakaongezwa katika jeshi. Na Kampala ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Wale waliotoka uwandani kwenda kaskazini, kwa lori hadi Tunduma au Mpanda na kwa garimoshi kutoka hapo, walikwenda kwa sababu ya neno lililosemwa katika ukumbi wasioujua. Baadhi yao hawakurudi. Jambo hili lapaswa kukumbukwa kila inaposifiwa hotuba ile kama kazi ya ufasaha tu.

Tarehe 5 Novemba 1985, Mwalimu alirudi katika ukumbi ule ule kuwaaga wazee wale wale, siku aliyokabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi. Safari hii neno lilikuwa la shukrani. Alizungumza habari za mwanzo wa TANU na watu waliompokea mjini alipokuwa mwalimu kutoka Pugu, na akataja majina ambayo vitabu vya Chama vilikuwa vimeyanyamazia, kama Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz. Kwa wanahistoria, hotuba hiyo ina thamani kuliko ile ya 1978, kwa kuwa iliacha ushahidi. Kwa Ufipa haikuwa na moto ule. Ilikuwa jioni ya watu wa Dar es Salaam wakiagana na mtu wao, na walio mbali walisikiliza kama mgeni anavyosikiliza mazungumzo ya jamaa: kwa heshima, na bila kucheka mahali wenyeji wanapocheka.

Sumbawanga kwa upande wake haikukaa bila paa. Mapaa makubwa ya kwanza ya Ufipa yalikuwa ya makanisa. Mapadre Weupe, waliopokea ngome ya Karema mwaka 1885, walipanda uwandani na kujenga misheni za matofali, na kwa muda mrefu hapakuwa na nyumba Ufipa iliyoweza kuingiza watu wengi kama kanisa. Safu za mabenchi zikawa ndizo safu za kwanza. Wamisionari wa awali waliitazama ngoma kwa jicho la wasiwasi, wakaiacha nje. Lakini baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika 1965, ngoma zikaingia ndani, zikawekwa karibu na kwaya, na kile kilichokuwa kikipigwa uwanjani kikapata paa bila kuomba radhi. Jimbo la Karema lilipochukua jina la Sumbawanga mwaka 1969, na mkoa wa Rukwa ulipoundwa 1974 mji huo ukiwa makao makuu yake, mahitaji ya kumbi yaliongezeka: vikao vya ushauri vya mkoa, semina, mahafali, harusi. Sehemu kubwa ya mahitaji hayo imetimizwa na kumbi za Kanisa Katoliki, hasa Libori, ambako Serikali nayo hukodi viti na kutundika mabango yake. Si ajabu, basi, kwamba mkutano wa hadhara wa kiserikali Sumbawanga huweza kufanyika chini ya msalaba, na hakuna anayeona ugeni.

Michezo ilibaki nje. Uwanja wa Nelson Mandela, wenye majani na anga, ndio ukumbi wa michezo wa Sumbawanga. Katika msimu wa 2020/2021 timu ya Tanzania Prisons iliuhamishia mechi zake za nyumbani, na Oktoba 2020 Simba, waliokuwa mabingwa wa nchi, wakafungwa hapo 1 kwa 0. Mpira wa miguu hustahimili wazi. Masumbwi, mpira wa kikapu na meza havistahimili vizuri, na mwanafunzi wa Ufipa mwenye kipaji cha michezo hiyo hujifunza juu ya udongo ambao kwa miezi sita ya mwaka ni tope.

Nchi za jirani zimekwisha kuonyesha ukubwa ambao paa la namna hii laweza kufikia. Nairobi ilijengewa ukumbi wa michezo Kasarani, kwa msaada wa China, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kigali ilifungua Agosti 2019 ukumbi wa watu 10,000, uliojengwa na kampuni ya Kituruki kwa miezi michache tu, ambao tangu 2022 huitwa BK Arena; mpira wa kikapu wa Afrika nzima huchezwa humo, na waimbaji wa Marekani hushuka humo kwa jioni moja wakaruka. Ni majengo ya fahari. Sumbawanga haihitaji cha ukubwa huo, na mtu atakayeuahidi mji huo ukumbi wa watu 10,000 atakuwa anatafuta kura. Mahitaji yake ni madogo na ya lazima zaidi: sakafu ngumu, taa, na paa ambalo ufunguo wake haumo mfukoni mwa mwenye dini wala mwenye chama. Barabara ya lami ya kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa fedha za Marekani katika miaka ya mwanzo ya 2010, imeondoa udhuru mmoja: lori la saruji hufika siku ile ile, na gari la bendi pia.

Kwa sasa shughuli kubwa za mji hufanyika chini ya mabati. Katika harusi ya Januari mvua ya Ufipa huanza ghafla, na juu ya mabati sauti yake haishindiki. Mshereheshaji hujaribu kuendelea, huongeza sauti ya mitambo, kisha hukiweka chini kipaza sauti na kungoja kama watu wengine. Wageni wa heshima hubaki katika safu ya mbele wamekunja mikono. Ni huko nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ambako kina mama huanza kuimba wenyewe. Mtu huvuta viti vya plastiki hadi ukutani, mwingine humfuata, na katikati ya sakafu hupatikana nafasi ya duara.